Tufaha Linapumua

Nyumba yetu ya Hail, hapa Maskati, ina mafriji mawili. Moja liko jikoni, la matumizi ya kila siku. La pili liko stoo, nyuma ya magunia ya mchele, na hilo tulilinunua kwa ajili ya Ramadhani na wageni. Hivyo ndivyo nilivyodhani mimi. Mume wangu alilinunua kwa ajili ya maua, na kwa miaka ishirini na kitu tuligombania friji lile kama ndugu wanaogombania shamba la urithi.

Mume wangu alikuwa mhandisi wa maji. Ujanani alipelekwa kusoma nchi ya baridi, akapanga chumba kwa bibi mmoja, na bibi yule alikuwa na mtindo wa kuotesha maua ndani ya nyumba wakati nje theluji imefika dirishani. Hakutumia udongo wala chungu. Alikuwa na gilasi zenye kiuno chembamba. Chini anatia maji, juu anakalisha kitunguu cha ua la hiasinti kama yai kwenye kikombe chake, na mizizi inashuka yenyewe kufuata maji. Sharti lake ni moja. Kitunguu lazima kwanza kilale kwenye baridi na giza kwa wiki kumi au zaidi, mpaka kiamini kwamba kipupwe kimekuja na kimepita. Hapo ukikipa maji na mwanga kitachanua, hata kama nje hakuna jani. "Ni kukidanganya," mume wangu alikuwa akisema, "lakini ni uongo wa kheri." Aliwahi kuniambia kwamba bibi yule alikuwa mjane. Sikumuuliza zaidi.

Alirudi Maskati na shahada yake na gilasi moja ya buluu aliyopewa siku ya kuagana. Maskati haina baridi ya kukilaza kitunguu. Baridi yetu ni ya kuzima viyoyozi, kufungua madirisha na kwenda ufukweni kuchoma mishikaki huku watu wamejitanda shali na kulalamika. Kwa hiyo yeye alitumia friji. Kila mwisho wa Septemba, joto likiwa bado linababua, alikwenda kwenye bustani ya kuuza miche upande wa Barka, akarudi na vitunguu kumi na viwili ndani ya mfuko wa karatasi. Aliutoboa mfuko kwa kalamu ili vipate hewa, akaulaza kwenye droo ya chini ya friji la stoo, kisha akaja jikoni kunitangazia sheria.

"Mama watoto, matunda nje."

Nyama ruhusa. Samaki ruhusa. Tende, maziwa, mitungi yangu ya achari, vyote ruhusa. Lakini chungwa, ndizi, embe, na hasa tufaha, marufuku mpaka Januari. Na mimi nina wageni, nina watu wanaokuja na makatoni, nina mtoto anayependa matunda ya baridi.

"Kwani matunda yamekufanya nini?"

"Tufaha linapumua. Pumzi yake inaliua ua likiwa bado limo ndani."

"Hata mie nnapumua. Nitoke?"

Nilifundisha hesabu shule ya wasichana mpaka nilipostaafu, na mwalimu wa hesabu huzoea kuwa na neno la mwisho. Nilimwambia ni visingizio tu, hataki vitunguu vyake vishike harufu ya matunda. Yeye alicheka, akayabeba matufaha yangu mwenyewe mpaka jikoni, akayapanga kwenye sinia. Mwaka uliofuata tukarudia maneno yale yale. Sikumsikiliza hata mara moja, ila nilimtii kwa sababu alikuwa akilikagua friji kila siku.

Wiki ya mwanzo ya Januari alivitoa. Alivikalisha kwenye gilasi, ile ya buluu mbele, akavifungia kabatini mpaka mizizi ishuke. Halafu akazipanga gilasi kwenye dirisha la majlis, chumba chetu cha wageni, upande usiopigwa na jua, na kila chipukizi akalivisha kofia ya gazeti yenye ncha. Chini ya kofia ua huwa halioni mwanga isipokuwa wa juu, basi hurefuka kuutafuta. Alikuwa akiweka magazeti mwaka mzima kwa ajili ya kofia zake. Mgeni akiingia na kukuta kofia kumi na mbili zimepangwa dirishani hunitazama mimi, nami hufa kwa haya.

Ua la kwanza likifunguka hakulipeleka kwa mtu mwingine. Aliibeba gilasi kwa mikono miwili mpaka jikoni, akasimama mlangoni, mzee mzima, akangoja. Harufu ilifika kabla yake. Ni harufu nzito na tamu, ina ubichi kidogo ndani yake, na ilikuwa ikijaza nyumba yote, mpaka kwenye mashuka. Udi tunafukiza mwaka mzima, lakini harufu ile ilikuwa ya Januari tu na ilikuwa yake yeye. Na mimi, mikono imejaa unga, nilisema kila mwaka maneno yale yale: "Haya, nshaliona. Friji langu nalipata lini?"

Alicheka, akarudi nalo majlis. Sikupata kumwambia kwamba ni zuri. Lilikuwa zuri. Nilidhani anajua.

Alifariki siku ya kumi baada ya kuvilaza vitunguu vyake vya mwisho. Alikuwa amekaa ukumbini baada ya sala ya alasiri, gazeti mapajani, na moyo ukasimama. Nilikuwa jikoni. Nilimwita aje kunywa chai mara mbili, na ya tatu nilimwita kwa hasira.

Siku tatu za azaa, za kupokea rambirambi, nyumba ilijaa wanawake mpaka viatu vikapandana mlangoni. Wifi yangu, dada yake mkubwa, ndiye aliyeshika hatamu. Alipika, alipokea watu, aliongoza khitma, alininywesha maji kwa kijiko. Sitasema neno baya juu yake. Ila alikuwa na huzuni ya watu wenye nguvu, ambayo haitulii mpaka ifanye kazi. Siku ya nne alikusanya kanzu zote za kaka yake, na kofia, na mashuka ya upande wake wa kitanda, akazifua kwa sabuni, akazianika, akazipiga pasi ili zitolewe sadaka. Nilipoamka kule nilikolala na wageni na kuingia chumbani kwetu, kabati lilikuwa wazi na nyumba nzima inanuka sabuni. Nilisimama pale. Nilitaka kupiga kelele, lakini yeye alikuwa amevimba macho, anapanga nguo za marehemu kwa adabu kama anapanga misahafu, basi nikalifunga kabati.

Nami nilikuwa nimeanza eda. Miezi minne na siku kumi nyumbani. Si hina, si wanja, si manukato, si udi. Hayo yote yalikuwa sawa kwangu, sikuwa na hamu ya kujipamba. Kilichonishitua ni kwamba nyumba ilikosa harufu. Si yake, si yangu. Hapo ndipo nilipokumbuka mfuko wa karatasi ulioko droo ya chini.

Nikajipa hesabu. Aliviweka mwisho wa Septemba, nitavitoa Januari, vitachanua kabla sijatoka eda. Vitunguu kumi na viwili alivyovichagua kimoja kimoja, akavigusa, akautoboa mfuko wao kwa kalamu yake. Ni kazi ya mwisho ya mikono yake na haijamalizika. Nikimaliza mimi, harufu yake itarudi nyumbani mara moja zaidi. Sikuwa nikiomba kingine chochote. Nilijishika kwenye kitu hicho kama mtu anavyoshika ukuta kwenye giza.

Sasa, watu wetu hawaendi kwenye msiba mikono mitupu. Wengine walileta makatoni ya maji, wengine haluwa, lakini wengi walileta matunda. Katoni za machungwa, vichane vya ndizi, na matufaha mekundu yaliyofungwa moja moja kwa karatasi laini. Friji la jikoni lilijaa siku ya kwanza. Wifi alikuja kunisimamia kitandani na katoni mikononi.

"Haya nitie wapi, wifi yangu?"

"Tia kwenye friji la stoo."

Nilisema mimi. Hakuna mtu aliyenilazimisha. Na nilipokuwa nikisema nilikumbuka sheria yake, nakumbuka kwamba niliikumbuka. Moyo wangu ulisema: hayupo wa kulikagua. Ulisema kwa uchungu, lakini ndani ya uchungu mlikuwa na kijiraha kidogo cha ushindi, cha mtu aliyeshindwa kesi miaka ishirini na sasa mpinzani wake amekosa kuhudhuria. Nasikia aibu kuliandika hili.

Baada ya siku arubaini wifi alirudi kwake. Mwanangu, ambaye anaishi Al Amerat na mkewe na watoto, alikuwa akija kila Ijumaa. Siku nyingine hutoka kazini amechoka na kwao ni mbali, milima yote ile, kwa hiyo hunipigia simu akiwa njiani. "Mama, umekula?" Nimekula. "Uko na nani?" Niko na nafsi yangu. Alitaka nihamie kwake nikimaliza eda. Nilimwambia subiri kwanza nimalize maua. Nilimsikia akivuta pumzi ndani ya gari lake, kisha akaniaga.

Siku zilikuwa ndefu kupita kiasi. Nilijitengenezea ratiba kama ya shule. Baada ya alasiri, saa ile ile aliyofariki, nilikwenda stoo. Nilifungua friji, nikavuta droo ya chini, nikatia mkono ndani ya mfuko kuvipapasa. Vilikuwa vigumu, vimejaa, maganda yao makavu yakichakarika. Nilivisalimu. Nilivieleza nani amepiga simu na nani hakupiga. Kisha, kabla ya kufunga mlango, nilichukua tufaha moja kutoka rafu ya juu, nikalila pale pale nimesimama, kwa kuwa ndicho chakula pekee kilichokuwa kikinipita kooni siku zile. Watu waliendelea kuleta na mimi niliendelea kuyapanga kwenye rafu. Kati ya saa zote za siku, ile ndiyo niliyokuwa nikiingoja.

Desemba ilipoingia nikapatwa na wasiwasi mwingine. Mimi niko edani, nimekatazwa manukato. Je, nikikaa kwenye nyumba inayonukia maua makusudi, tena maua niliyoyaotesha mwenyewe? Nilimpigia simu mwalimu wa darsa letu la wanawake, bibi mkali anayejua vitabu vyake. Nilijieleza kwa urefu, friji, vitunguu, nchi ya baridi, kofia za magazeti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Utajipaka hilo ua?" aliuliza.

"Hapana, mwalimu."

"Utajifukiza?"

"Hapana."

"Basi mwanangu, ulichokatazwa ni kujitia manukato. Mungu akiotesha ua nyumbani kwako, weye funga pua tu ukitaka."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Nilicheka peke yangu jikoni, simu mkononi, na mwisho wa kicheko nikalia.

Januari ilipofika nilifanya yote kama yeye. Nililijua zoezi kuliko nilivyofikiri. Macho yangu yalikuwa yakimtazama miaka yote ile wakati mdomo unamkejeli. Maji yasiguse kitunguu, yakaribie tu. Gilasi ya buluu mbele. Kabatini kwanza, kisha dirishani. Kofia nilizikunja kwa gazeti lile alilokuwa nalo mapajani, ambalo nilikuwa nimelificha wifi asilitupe. Za mwanzo zilitoka kombo. Mizizi ilishuka, myeupe mizuri, ikajaza gilasi, nami nikawapigia watu simu kujisifu.

Majani yakaja. Yalikuwa ya kijani kibichi, mazito, yenye afya. Nilivua kofia kila asubuhi kuchungulia katikati, pale ambapo kichwa cha ua hujitokeza kama hindi dogo lililobanwa. Pale katikati palikuwa patupu. Nikasema bado. Majani yakarefuka, yakazipita kofia, yakaanza kulala. Wiki ya pili, wiki ya tatu. Kumi na viwili vyote, hakuna hata kimoja kilichotoa ua. Nilikuwa nikiyafungua majani kwa vidole, natazama ndani kwa tochi kama daktari wa masikio. Katika viwili vitatu nikaona kitu kidogo cha kahawia, kimenywea, kimekauka kabla ya kuwa chochote.

Mwanangu alikuja Ijumaa akanikuta nimekaa majlis mbele ya dirisha. Baada ya sala alitoka na gari, akarudi na chungu cha plastiki kutoka duka kubwa, ndani yake hiasinti tatu zimechanua, za rangi ya waridi, na utepe.

"Haya, mama. Yale yale."

"Si yale."

"Mama, ua ni lile lile hasa, nimeuliza."

"Si yale! Litoe nje. Litoe nyumbani kwangu!"

Nilipiga kelele mpaka mjukuu wangu akaanza kulia. Mwanangu alikichukua chungu, akakiweka uani karibu na tangi la maji, akarudi akakaa kando yangu akanishika mkono. Mtoto wa watu alikuwa amepoteza baba na sasa anafukuzwa pamoja na maua yake. Nilimwomba radhi, akaniambia hakuna kitu. Walipoondoka nilitoka mpaka mlango wa uani nikasimama. Upepo ulileta harufu kidogo. Ilikuwa kweli ile ile. Nikafunga mlango.

Siku niliyotoka eda wifi alikuja na wanawake saba. Waliniogesha, wakanivisha nguo mpya, wakanifukiza udi mpaka kikohozi kikanishika, wakanipaka mafuta mazuri ya waridi. Wote walinikumbatia na kusema sasa umetoka, sasa utatembea, utakuja kwetu. Nilinukia kama bibi harusi, na sikuweza kuwaambia nilichokuwa nikikitaka. Wifi aliniuliza yale majani ya dirishani ni ya nini. Nikasema ni ya kaka yako, hayakupata bahati.

Safari yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa kwenda Barka. Nilikitia kitunguu kimoja na majani yake ndani ya mfuko, nikaendesha gari taratibu kama niliyepata leseni juzi. Pale kwenye bustani ya miche kuna mtu wa makamo kutoka Bara Hindi, anayesema Kiarabu cha kuvunjika lakini cha haraka. Alilitambua gari kabla ya kunitambua mimi.

"Wapi mzee wa vitunguu?"

Nikamwambia. Aliweka chini mpira wa maji, akafuta mikono yake kwenye suruali, akasema maneno ya dua anayoyajua. Kisha nikamtolea kitunguu. Alikigeuza, akachomoa kisu chake cha kupogolea, akakipasua katikati kutoka juu hadi chini. Tabaka zilikuwa nyeupe, zimejaa maji. Katikati kabisa palikuwa na ua. Lilikuwa dogo kama punje ya mpunga, kamili, lina vichwa vyake vyote vidogo vidogo, na limekufa.

"Ulikiweka na matunda?"

Nilikitazama kisu chake.

"Tufaha?"

"Ndiyo."

"Tufaha linapumua," alisema. "Linaua ndani, nje huoni kitu. Mzee hakukwambia? Kila mwaka alikuwa akinigombeza mimi niondoe ndizi zangu za chakula karibu na vitunguu."

"Aliniambia," nikasema. "Miaka ishirini na kitu aliniambia."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunawaambia watoto. Nilikaa ndani ya gari nusu saa pale kwenye vumbi. Kwanza niliwakasirikia watu wote walioniletea matunda, na wema wao, na makatoni yao. Kisha nikamkasirikia wifi. Halafu hapakubaki mtu wa kumkasirikia ila mimi, niliyesimama kila alasiri mlango wa friji uko wazi, nikivibembeleza vitunguu kwa mkono mmoja na tufaha liko kwenye mkono wa pili. Alichoniachia kilikuwa hai nilipokipokea. Mimi ndiye niliyekipotezea uhai, na nilifanya hivyo kwa sababu sikuamini kwamba mtu niliyelala naye kitanda kimoja alikuwa akisema kweli.

Wifi sikumwambia. Alikuwa ameyabeba yale makatoni kwa mikono yake, na kama angejua asingelala tena. Hilo limebaki langu.

Mwishoni mwa Septemba iliyofuata nilirudi Barka. Mwanangu alikuwa bado ananihimiza nihamie Al Amerat, nami nikawa bado nasema tutaona. Nilichagua vitunguu kumi na viwili, vizito, visivyo na ukungu, nikatoboa mfuko kwa kalamu yake. Friji la stoo nililiosha kwa maji na siki rafu kwa rafu, nikaliacha wazi mchana kutwa ili harufu ya matunda itoke. Halafu nikaulaza mfuko kwenye droo ya chini na kufunga mlango.

Wiki mbili baadaye wifi alikuja kunitazama, na kama kawaida yake hakuja mikono mitupu. Alipita moja kwa moja mpaka stoo na katoni ya matufaha. Nilimsikia anafungua friji.

"Matunda nje!" nikasema.

Alirudi mlangoni akanitazama, katoni bado mikononi. Alikuwa amebadilika uso. "Subhanallah, nimesikia sauti ya kaka yangu."

"Weka mezani, wifi yangu. Humo hayaruhusiwi."

"Kwani yanafanya nini?"

"Yanapumua."

"Hata mie nnapumua, wifi," akasema, akaanza kucheka. "Nitoke?"

Nilicheka pamoja naye. Nilicheka kama alivyokuwa akicheka mume wangu, kisha nikampokea ile katoni, nikaipeleka jikoni na kuyapanga matufaha kwenye sinia. Nililiweka kila moja polepole. Wifi alidhani ni uzee.

Januari hii yamechanua. Yote kumi na mawili, mengine marefu, mengine mafupi, na la kwanza kabisa ni la gilasi ya buluu. Niliamka asubuhi, kabla sijafika majlis harufu ikanikuta kwenye korido. Ilikuwa imejaa nyumba yote, mpaka kwenye mashuka ya upande wangu na ya upande wake.

Kwa mwaka mzima nilikuwa nimejiwekea neno moja la kusema siku hiyo. Nilikuwa nikilijaribu peke yangu, nikifagia, nikikunja nguo. Zuri. Neno lenyewe halina ugumu, mtoto wa chekechea analisema. Niliivua kofia, nikaibeba gilasi kwa mikono miwili mpaka jikoni, nikasimama mlangoni pale alipokuwa akisimama. Jiko lilikuwa safi. Palikuwa na kikombe kimoja kwenye sinki.

Nikafungua kinywa, na yaliyotoka ni yale niliyoyazoea.

"Haya, nshaliona. Friji langu nalipata lini?"

Niliiweka gilasi mezani, nikaenda stoo, nikafungua friji. Droo ya chini ilikuwa tupu. Rafu ya juu ilikuwa na chupa mbili za maji. Friji lote lilikuwa langu, na sikuwa na kitu cha kutia.